Kukubali uzee: je, ni kukosa imani?



Katika nyumba zetu za sala kuna swali moja ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Linapitia kwa mlango wa maombi. Baba wa miaka 72 anakuja kuomba tumwombee magoti yake yapate nguvu kama zamani. Mama wa miaka 68 anaomba tumwombee kichwa chake, maana anaingia chumbani na kusahau alifuata kitu gani. Tunawawekea mikono, tunaomba. Wengine wanapata nafuu na kumshukuru Mungu. Wengine wanarudi juma la pili na la tatu, na magoti ni yale yale. Ndipo swali linaanza kuwala ndani: «Mbona Mungu hanisikii? Nimetenda dhambi gani? Ao ni nani anayenifanyia hivi?»

Angalieni vizuri, wandugu. Maneno hayo yana milango mitatu. Mlango wa kwanza ni kumlaumu Mungu. Wa pili ni kujilaumu mwenyewe. Wa tatu ni kumlaumu jirani. Kwa mlango wa kwanza mtu anapoteza sala yake. Kwa wa pili anapoteza furaha yake. Lakini kwa mlango wa tatu mtu mwingine anaweza kupoteza uhai wake, na mambo hayo yametokea katika inchi yetu.

Kwa sababu hiyo tunapenda kulijibu swali hili waziwazi: mkristo anayekubali kwamba mwili na akili yake vinabadilika kwa ajili ya miaka, je, amekosa imani?

1. Mambo gani yanabadilika?

Kwanza tujue, maana mtu hawezi kukubali jambo asilolielewa. Mengi tunayoyaita mapigo ni kazi ya miaka tu.

Tuanze na macho. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo laini, kinaitwa lenzi. Lenzi hiyo inajibadilisha ili tuone vya karibu na vya mbali. Mtu akifika miaka 40 na kitu, lenzi inakuwa ngumu, haijikunji tena vizuri. Sisi wenyewe wa umri huo tumeanza kuisogeza Biblia mbali na uso wakati wa kusoma, na siku mikono itakapokosa urefu tutatafuta miwani. Hakuna aliyeturoga. Baadaye lenzi inaweza kupata ukungu, ndio ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao katika dunia nzima ndio sababu ya kwanza ya upofu. Huo una matengenezo: daktari anaitoa lenzi yenye ukungu na kuweka nyingine ya plastiki, na mtu anaona tena.

Masikio nayo. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikikufa, havioti tena. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea mbele, kama sauti za watoto. Ndiyo sababu babu anamsikia mwanaume mwenzake vizuri, lakini mjukuu akisema anauliza: «Unasema nini?» Si kiburi, wala si kwamba hampendi mtoto. Na kumpigia kelele hakusaidii sana. Kunasaidia kusimama mbele yake, aone midomo, na kusema polepole.

Misuli inapungua. Mifupa inakuwa myepesi, zaidi kwa mama baada ya damu ya mwezi kukoma, na kwa hiyo kuanguka kidogo kunaweza kuvunja nyonga. Usingizi unakuwa mfupi na mwepesi. Hata kiu inapungua: mwili wa mzee unahitaji maji lakini haumwambii sana, anakaa siku nzima ya jua bila kunywa, na jioni anasema maneno yasiyoeleweka. Watu wanafikiri ni pepo, na kumbe anahitaji kunywa maji, kisha kupelekwa kwa daktari apimwe.

Na akili? Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili.

La kwanza ni akili inayokwenda polepole. Jina la mtu linakataa kuja, kisha linakuja usiku wakati halihitajiki tena. Kujifunza kitu kipya kunachukua muda. Hiyo ni kazi ya miaka. Lakini maneno, kujua watu, kukata shauri, hivyo vinabaki kwa wengi, na kwa wengine vinaongezeka. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema penye wazee kuna mbio.

La pili ni ugonjwa. Mtu anapotea katika njia ya kwake aliyoipita miaka 30. Anachanganya usiku na mchana. Anaficha feza zake mwenyewe, kisha anasema ameibiwa. Anaongea na mama yake aliyekufa zamani. Anamwita mtoto wake kwa jina la ndugu yake. Jioni jua likizama anasumbuka zaidi, anataka kutoka. Mwaka 1906 daktari mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya madaktari wenzake mambo aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyekufa na shida kama hizo, na mpaka leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Si huo peke yake unaopoteza akili. Mishipa ya kichwa iliyoharibika kwa sababu ya shinikizo la damu nayo inaleta hali kama hiyo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwa mwaka 2021 karibu watu milioni 57 wenye magonjwa ya namna hii, na wengi wao wako katika inchi zisizo na utajiri mwingi, kama yetu.

Tulishike neno hili: kupoteza akili namna hiyo ni ugonjwa. Si kila mzee anaupata, na anayeupata hakuuchagua, wala hakuununua kwa mtu usiku.

2. Maandiko yanasema nini juu ya wazee?

Wengine watasema: «Musa alifika miaka 120, macho yake hayakufifia na nguvu zake hazikupungua. Na Kalebu alikuwa na miaka 85, akasema ana nguvu za kwenda vitani kama siku za ujana wake. Basi mwenye imani hazeeki.»

Ni kweli, imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati 34 na katika Yoshua 14. Lakini tujiulize: kwa nini imeandikwa? Mwandishi hasumbuki kuandika kwamba jua lilichomoza asubuhi. Anaandika jambo lililo la pekee. Kama watumishi wote wa Mungu wangebaki na macho ya ujana, hakuna ambaye angetaja macho ya Musa.

Tazameni wengine. Isaka, mtoto wa ahadi, alizeeka na macho yake hayakuona tena. Eli kuhani alikuwa hivyo. Daudi, mtu aliyempendeza Mungu, alifunikwa nguo nyingi na hakupata joto. Na Elisha? Alimponya Naamani ukoma, alimfufua mtoto wa mama wa Shunemu. Lakini 2 Wafalme 13 inatuambia kwamba aliugua ugonjwa ule uliomwua. Hakuna mahali Maandiko yanasema kwamba Elisha alikosa imani, wala kwamba kuna mtu aliyemroga. Na hata baada ya kuzikwa, mifupa yake ilimpa maiti uhai. Nguvu ya Mungu haikumwacha mtumishi wake kwa sababu mwili wake ulichoka.

Sisi watoto wa inchi hii tunao mfano karibu zaidi. Simon Kimbangu aliponya wagonjwa kule Nkamba mwaka 1921. Mwaka ule ule alifungwa, akapelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Aliingia angali na nguvu zake, akazeeka ndani ya kuta. Nani atasema kwamba uzee ule ulikuwa alama ya kuachwa na Mungu?

Kwa hiyo tunajibu sehemu ya kwanza ya swali: kuzeeka si adhabu, na kukubali kuzeeka si kukosa imani. Kuzeeka ni njia ya kila mtu ambaye Mungu amemzidishia siku. Wenzetu wengi waliozaliwa pamoja nasi hawakupewa nafasi ya kuwa na mvi.

3. Kukubali ni nini, na si nini?

Neno hili «kukubali» wengine wanalielewa vibaya, basi tulieleze.

Kukubali si kukaa chini na kungoja kufa. Mwenye mtoto wa jicho asiseme: «Ni uzee, niacheni.» Aende kwa daktari wa macho. Mwenye shinikizo la damu ameze dawa zake kila siku, hata siku anayojisikia vizuri. Mzee aliyebadilika ghafula, jana alikuwa na akili zake na leo anasema ovyo, apelekwe hospitali upesi, maana inaweza kuwa malaria, ugonjwa wa mkojo, ao mshipa wa kichwa. Kusema «ni miaka» mahali ambapo kuna dawa ni uvivu, hata kama tunauita imani.

Tena, kukubali mwili si kukubali njaa. Tunasema hili kwa sauti, kwa sababu kuna watoto wanaopenda mahubiri ya uvumilivu yahubiriwe kwa wazazi wao. Baba alifanya kazi ya migodi ao ya reli miaka 25, pensioni haiji, na watoto wake wanapita barabarani bila kuingia. Huyo hatutamwambia: «Baba, kubali.» Tutawaita watoto. Magoti yasiyopanda mlima ni jambo la miaka. Sufuria isiyo na kitu ni jambo letu sisi wenye nguvu.

Basi kukubali ni nini? Tujifunze kwa mzee mmoja ambaye watu hawamhubiri sana: Barzilai wa Gileadi, katika 2 Samweli 19. Alikuwa na miaka 80. Wakati Daudi alipomkimbia Absalomu, Barzilai ndiye mmoja wa waliomletea chakula. Vita vilipoisha, mfalme akataka kumlipa: akamwalika wakae pamoja Yerusalemu na kula pamoja. Nani angekataa? Barzilai alikataa kwa heshima. Alisema miaka yake ni mingi, hapati tena utamu wa chakula na kinywaji, hasikii tena vizuri sauti za waimbaji, na hapendi kuwa mzigo kwa mfalme. Akaomba arudi kufa katika mji wake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Lakini alifanya mambo mawili tena: alimvusha mfalme mto Yordani, na akamtoa Kimhamu aende Yerusalemu mahali pake.

Hapa tunaona kazi tatu za kukubali.

Ya kwanza ni kusema ukweli juu ya mwili wako. Barzilai hakujificha. Hakusema: «Niko sawasawa» na huku hasikii. Wazee wangapi kati yetu wanaanguka usiku kwa sababu wanaona haya kuomba mkono?

Ya pili ni kufanya sehemu iliyobaki. Hakuweza kufika Yerusalemu, lakini mto aliweza kuuvuka, na aliuvuka. Mama asiyeweza kwenda shambani anaweza kuchagua maharagwe na kumsikiliza mjukuu. Baba asiyeweza kusimama saa tatu katika ibada anaweza kuomba ameketi. Mungu hapimi sala kwa magoti.

Ya tatu ni kumwachia mwingine nafasi bila uchungu. Hiyo ndiyo ngumu kupita zote, na tunapenda kuisimulia zaidi.

4. Kuachia kazi katika kanisa

Katika Hesabu 8, Mungu aliweka sheria kwa Walawi: wakifika miaka 50 waache kazi nzito ya hema. Lakini sheria haikuishia hapo. Ilisema pia kwamba wataendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi wa hema. Angalieni hekima hiyo. Hawakuambiwa wabebe mbao mpaka waanguke. Na hawakuambiwa waende nyumbani kama vyombo vilivyovunjika. Walitolewa mzigo mabegani, wakaachiwa heshima ya kulinda.

Kwetu sisi mara nyingi kunakosekana moja ya mambo hayo mawili. Kuna mzee aliyeshika hesabu ya matoleo tangu kanisa likiwa la majani. Leo hesabu haikubali, feza zinapungua, watu wananong'ona kwamba anaiba. Haibi. Macho yake hayaoni tarakimu vizuri na kichwa kimechoka kujumlisha. Lakini yeye haachi daftari, kwa sababu anafikiri siku atakayoliacha hatakuwa mtu tena. Na vijana hawamwambii wazi, wanangoja aaibike mbele ya wote.

Pande zote mbili zina kosa. Kwa wazee tunasema hivi: thamani yenu haikutoka katika daftari, wala katika ngoma, wala katika kiti cha mbele. Mliheshimiwa kwa sababu mliwalea watu. Kazi hiyo hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Kwa vijana tunasema: asiyemwandalia mzee mahali pa kukaa asimwombe asimame kwenye kiti chake. Mwekeni kijana akae naye mwaka mzima, ajifunze daftari mkono kwa mkono. Kisha siku ya kukabidhi, ifanyike mbele ya kanisa, kwa wimbo na kwa shukrani. Na baada ya hapo mzee aulizwe shauri kweli kweli, si kwa mdomo tu.

5. Kama akili yenyewe imepotea, nani atakubali?

Hapa tunafika mahali pagumu. Mpaka sasa tumesema na mzee aliye na akili zake. Yeye anaweza kukubali ao kukataa. Lakini mama ambaye ugonjwa umemfunga kichwa, asiyejua leo ni siku gani, tumwambie nini? Hawezi kukubali jambo asiloweza kulishika. Tukimweleza asubuhi, saa sita amesahau, na tukimweleza tena analia kama ndiyo mara ya kwanza.

Jibu letu ni hili: mahali ambapo mtu hawezi tena kukubali mwenyewe, kazi hiyo inahamia kwa wale wanaompenda. Wao ndio watakaokubali kwa ajili yake. Akiuliza mara kumi mume wake amekwenda wapi, hatutashindana naye mara kumi. Akisema sisi si watoto wake, hatutakasirika. Alitujua kabla hatujajijua wenyewe. Tulipokuwa wachanga hatukumtambua, naye alituosha na kutulisha bila kungoja tumwite mama. Sasa ni zamu yetu kumtambua yeye asiyetutambua.

Amri ya kuheshimu baba na mama haikupewa watoto wadogo tu. Ilipewa taifa la watu wazima katika jangwa, wenye wazazi wazee wanaotembea polepole nyuma ya safari.

Na mtu asifikiri kwamba udhaifu wa mzee ni nafasi ya kujipatia kitu. Yakobo alitumia upofu wa baba yake Isaka ili apate baraka kwa hila. Alifanikiwa. Lakini miaka ilipita, na Mwanzo 48 inatuonyesha Yakobo huyo huyo macho yake yamefifia kwa uzee, wajukuu wanaletwa mbele yake naye haoni. Macho unayoyadanganya leo, kesho yatakuwa yako. Wale wanaomshikisha mzee kidole ili aweke alama kwenye karatasi ya kiwanja, wayakumbuke maneno haya.

Kazi ya kumtunza mgonjwa wa namna hii ni nzito, na mara nyingi inamwangukia binti mmoja ao mkaza mwana mmoja. Halali usiku, haendi sokoni, haji tena kanisani, na sisi tunasema amepoa katika imani. Hajapoa. Amefungwa nyumbani na ibada nyingine. Wakati wa vita na Amaleki mikono ya Musa ilichoka, Haruni na Huri wakaishika mmoja huku na mwingine huku. Jumuiya iwe Haruni na Huri kwa binti huyo. Mama wawili waende kila juma kukaa na mgonjwa nusu siku, yeye apumzike ao aende kusali.

6. Juu ya kuwaita wazee walozi

Tumesema mlango wa tatu unaua. Hatutaki kulipita neno hilo haraka.

Mama mzee anatoka usiku kwa sababu ugonjwa umemchanganyia usiku na mchana. Anapatikana nyuma ya nyumba ya jirani, nguo hazikukaa sawa, hajui alifikaje. Anaongea peke yake. Asubuhi ile mtoto wa jirani ana homa. Basi watu wanaunganisha mambo mawili yasiyo na kamba kati yao, na kelele inaanza: «Mulozi!» Huko Tanzania, kwa Wasukuma, mama wazee wengi waliuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko la miaka mingi. Na sisi tusinyooshe kidole kwa majirani. Mwaka 2021, hapa kwetu Kivu Kusini, wanawake waliuawa, wengine kwa moto, kwa sababu ya neno hilo moja.

Sisi ni kanisa la maono na unabii. Kwa hiyo hesabu yetu mbele ya Mungu ni kubwa kupita ya wengine. Neno likitoka kwa mwenye kipawa, watu hawaulizi tena ushahidi. Wanaokota mawe. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili ao watatu kwa kila neno, na Paulo alimkumbusha Timoteo asipokee shitaka juu ya mzee bila mashahidi. Ndoto ya mtu mmoja si shahidi wawili. Basi tunaomba wote wenye kipawa washike hivi: mtu akiona jambo juu ya mzee fulani, asilitangaze katika mkutano, wala asimtaje jina. Amletee mchungaji, na mchungaji na mashemasi waende kumtembelea mzee huyo, wamwone kama anakula, kama analala, kama ana homa, kama kuna anayemtunza. Mara nyingi tutakuta kwamba aliyehitaji kuombewa ni mgonjwa, na aliyehitaji kuonywa ni familia.

Sheria za inchi nazo ziko wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Kama haifai kwa mtoto asiyeweza kujitetea, inawezaje kufaa kwa mzee ambaye naye hawezi? Kanisa lisingoje askari waje kulifundisha huruma.

7. Maneno ya kushika

Wandugu, tusimalize bila kuacha mambo ya kufanya.

Katika kila jumuiya, mashemasi waandike majina ya wazee wasioweza tena kufika ibadani, na kila mmoja atembelewe walau mara moja kwa mwezi. Anayetembelea asiende na maombi tu, aende pia na unga ao sabuni.

Katika nyumba ya sala, viti vya mbele viwe vya wale wasiosikia vizuri. Anayesoma Neno asome polepole, kwa uso ulioinuliwa.

Nyumbani, mzee apewe maji bila kungoja aombe. Taa ndogo iachwe usiku. Kama anatoka na kupotea, majirani waambiwe mapema: «Mama yetu ni mgonjwa wa kusahau. Mkimwona, mshikeni mkono mturudishie.» Familia nyingi zinaficha kwa haya, na siri hiyo ndiyo inayomtia mzee katika hatari. Jirani aliyejulishwa mchana hatapiga kelele usiku.

Na sisi wa miaka ya katikati, ambao miwani inatungoja mlangoni, tuanze leo kujizoeza. Uzee hautatupa moyo mpya. Utatoa nje ule tulioutunza. Aliyezoea kushukuru kwa kidogo atashukuru na kijiti chake mkononi. Aliyezoea kulalamika atalalamika hata juu ya anayemlisha. Tujizoeze kuomba msaada kwa jambo dogo, kumwachia mwingine jambo dogo, kusema «siwezi» bila kuona aibu.

Hivyo tunajibu swali letu lote. Mtu anayekataa miaka yake anampa Mungu sharti: «Nitakuamini kama utaniacha kijana.» Anayeikubali anasema: «Nilikuamini nikiwa na nguvu, nitakuamini na nisipokuwa nazo.» Imani ya pili ndiyo kubwa. Na kanisa linalowaheshimu wazee wake wenye magoti mabovu na vichwa vilivyochoka, hilo limekubali kile ambacho kila mmoja wetu atahitaji kukubaliwa nacho siku moja.

Mungu awape wazee wetu usingizi mzuri na watoto wenye adabu. Awape wanaowatunza nguvu na wa kuwapokea. Aondoe kati yetu ulimi unaoua. Amina.

Ni sisi, mtumishi wenu katika kazi ya ushemasi.